Nguva na Kipande: Wangechi Mutu na Kimya cha Wahakiki wa Kiswahili

Mwaka 2014 jumba la sanaa la Victoria Miro jijini London lilifungua maonyesho ya Wangechi Mutu yaliyoitwa Nguva na Nyoka. Jina hilo halikuwa tafsiri, wala halikuwa pambo la pembeni. Lilikuwa jina la maonyesho yenyewe: maneno matatu ya Kiswahili katika mji ambao Waswahili wengi wanaishi, wanafanya kazi na kulea watoto. Wenye Kiingereza walikwenda, wakatazama, wakaandika. Mikononi mwao nguva aligeuka kuwa binti-samaki wa ngano za Ulaya, na nyoka akawa yule wa bustani ya Edeni. Wahakiki wa Kiswahili, ambao wangeweza kueleza jina lile lina uzito gani, waliwaachia wengine kazi hiyo, na mpaka leo wanawaachia.

Mutu alizaliwa Nairobi mwaka 1972. Alimalizia masomo ya sekondari Wales, akaenda New York kusoma sanaa Cooper Union, kisha akapata shahada ya uzamili Yale mwaka 2000. Leo anafanya kazi kati ya New York na Nairobi. Karibu kila wasifu wake mfupi una sentensi moja isiyobadilika: huyu ni msanii anayechunguza utambulisho, urithi na maisha ya kiroho kwa kutumia vifaa mseto. Sentensi hiyo inaweza kubandikwa kwa msanii wa Lagos, wa Kingston au wa Salvador bila kubadilisha neno. Haimsemi Mutu hata kidogo. Ubaya zaidi ni kwamba Mswahili anapojitokeza kuandika juu ya sanaa za aina hii, huichukua sentensi hiyohiyo, akaifasiri neno kwa neno, akadhani amehakiki. Ameazima kibatari kwa jirani huku nyumbani kwake kuna taa.

Taa hiyo ni maneno yenyewe. Maneno matatu ya katalogi, yakipitishwa katika Kiswahili kwa uaminifu, hayabaki kama yalivyokuja. Kila moja hugeuka swali.

Tuanze na utambulisho. Katika Kiswahili neno hilo limetokana na kutambua na kutambulisha, na ndugu yake wa karibu ni kitambulisho. Kabla ya kuwa hisia ya moyoni, kwa msemaji wa kawaida jambo hili ni karatasi anayodaiwa na askari njiani. Nchini Kenya kitambulisho kilitanguliwa na kipande. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia serikali ya kikoloni ilimlazimisha kila mwanamume Mwafrika wa umri wa kufanya kazi kubeba hati yenye alama za vidole vyake na kumbukumbu za waajiri wake. Hati hiyo iliwekwa ndani ya kijaluba cha bati na kuning’inizwa shingoni. Kupinga kipande kulikuwa miongoni mwa madai ya Harry Thuku, na alipokamatwa mwezi Machi 1922, watu waliokusanyika Nairobi kudai aachiliwe walimiminiwa risasi.

Kiswahili kiliiita hati hiyo kwa neno lilelile linalotumika kwa kipande cha mkate, cha nguo au cha ardhi. Sasa na atazamwe Mutu akifanya kazi. Mwaka 2006 alitoa msururu wa picha kumi na mbili alizozijenga juu ya kurasa za zamani za vitabu vya tiba, kurasa zenye michoro ya uvimbe wa kizazi cha mwanamke. Juu ya michoro hiyo alibandika midomo, macho, manyoya na nyama zilizokatwa kutoka majarida, mpaka kila ukurasa ukawa uso. Wataalamu huiita sanaa hii kolaji. Mswahili ana haki ya kuiita kazi ya vipande, na akishaiita hivyo, maana ya pili ya neno inaingia bila kubisha hodi. Mwanamke yule ameundwa kwa vipande alivyotolewa na wengine: daktari wa karne iliyopita aliyemchora kama ugonjwa, mpiga picha wa mitindo aliyemtaka awe kiuno na miguu, mchapishaji wa majarida ya ngono aliyemuuza. Kila mmoja amemwandikia hati yake, na hati zote zimebandikwa usoni mwake.

Haihitajiki kudai kwamba Mutu alikuwa anawaza kijaluba cha bati alipokuwa akikata majarida yake Brooklyn. Mhakiki hapigi ramli ya nia ya msanii. Kazi yake ni kusema picha inafanya nini inapofika mbele ya mtu mwenye lugha fulani na historia fulani. Katika Kiingereza picha hizi huitwa za machotara, yaani za kiumbe aliyechanganywa. Neno hilo hudhani kulikuwa na vitu viwili vizima vilivyokutana. Kipande hakidhani hivyo. Kipande husema kuna kitu kilichokatwa na kuna mkono uliokata. Tofauti hiyo si ndogo, na haiwezi kuonekana kwa anayesoma picha hizi kwa tafsiri.

Neno la pili ni urithi. Katika katalogi urithi ni kitu cha kujivunia, kitu kinachotiwa ndani ya kioo na kumulikwa. Katika maisha ya Waswahili, urithi hugawanywa, na mirathi huleta ndugu mbele ya kadhi wakiwa hawasalimiani. Mwenye kujua hivyo ataiona kwa jicho jingine ile misimamo ya Sentinel, sanamu za kike ambazo Mutu ameziumba kwa udongo mwekundu, magamba ya miti, karatasi iliyopondwa na vibuyu. Maandishi ya ukutani husifu ukaribu wake na ardhi. Ardhi ipi? Udongo mwekundu wa nyanda za juu za Kenya ni ule uliochukuliwa na walowezi, uliopiganiwa na Mau Mau, ukatangaziwa hali ya hatari mwaka 1952, na ambao baada ya uhuru wengi waliopigana hawakuurithi. Kusema kwamba sanamu ile inachunguza urithi ni kusema nusu. Swali la Kiswahili ni la mirathi: nani alipata fungu, na nani aliambiwa asubiri?

Vivyo hivyo kwa kazi yake ya mwaka 2008, Suspended Playtime. Hapo Mutu alining’iniza vifurushi vya mifuko ya plastiki vilivyofungwa kwa uzi wa dhahabu. Anayetazama bila kujua ataona takataka zilizotukuzwa. Aliyekulia mitaani Nairobi, Mombasa au Dar es Salaam ataona mipira ya kandanda, ile ya kuviringishwa kwa mifuko na kukazwa kwa kamba, ambayo kila mtoto wa mtaani ameipiga. Imening’inia, haichezwi. Jambo hilo lingeweza kuelezwa na mtu yeyote aliyewahi kuisuka mipira hiyo, bila shahada na bila katalogi, lakini hajaombwa kueleza.

Neno la tatu ndilo linaloharibiwa zaidi: maisha ya kiroho. Msemo huo ni wa mahubiri, na ukitumiwa kwa kila kitu hauelezi kitu. Kiswahili hakina fungu moja la mambo yote yasiyoshikika. Kina roho na kina nafsi, kina pepo na jini, kina mzimu na koma, na msemaji mzuri hatambadilisha mmoja kwa mwingine. Pepo hupanda kichwani na kudai ngoma yake. Mzimu una mahali pake na sadaka yake. Koma ni wafu wa nyumba. Nguva je, ni yupi kati yao?

Si yeyote. Nguva kwanza ni mnyama. Ni mamalia wa baharini, hula majani yaotayo chini ya maji, hunyonyesha mtoto wake, na maziwa ya jike yako kifuani kama ya mwanamke. Hapo ndipo hadithi zilipozaliwa. Yapo masimulizi ya pwani kwamba mvuvi aliyemnasa nguva aliapishwa kwanza kwamba hakumwingilia, ndipo aruhusiwe kuuza nyama yake. Masimulizi hayo hayana uzuri wa binti-samaki anayeimba juu ya mwamba. Ndani yake mna tamaa, aibu, njaa, kisu na soko. Mnyama anafanana na mwanamke kiasi cha kutiliwa shaka, na bado analiwa.

Mwenye kujua hayo akitazama Nguva, filamu aliyoitengeneza Mutu mwaka 2013, ambamo kiumbe wa kike anatoka baharini na kutangatanga nchi kavu, hataona uzuri wa ajabu tu. Atamwona mtu ambaye waliomkuta pwani hawajaamua kama ni mgeni wa kukaribishwa au ni kitoweo. Swali hilo linawahusu moja kwa moja watu waliovuka bahari kutafuta riziki. Katalogi haikuliuliza, kwa kuwa katika lugha yake nguva haliwi.

Kuna jambo jingine ambalo uhakiki wa Kiswahili ungelisema. Nguva wa Afrika Mashariki wako katika hatari kubwa ya kutoweka. Kundi lenye matumaini ya kudumu limebaki Bazaruto, Msumbiji. Kenya na Tanzania kumwona nguva sasa ni habari. Lakini Mswahili aishiye Abu Dhabi au Bahrain anakaa kando ya bahari yenye moja ya makundi makubwa zaidi ya nguva duniani. Neno limehama pamoja na watu, na mnyama wake anawasubiri huko walikohamia. Msomaji wa Ghuba ana la kusema juu ya maonyesho ya London ambalo mkazi wa London hana.

Pingamizi zipo, na zinastahili kujibiwa moja baada ya nyingine.

Ya kwanza hutoka kwa wenye pwani. Mutu, wanasema, ni Mkikuyu wa Nairobi. Nguva si wake, ameazima. Kuazima kweli ameazima. Lakini Kiswahili hakikukoma kuwa Kiswahili kilipopanda reli kwenda bara, na mtoto wa Nairobi aliyesoma neno nguva darasani hakuliiba. Hata hivyo pingamizi hilo lina chembe ya haki ambayo wenye nalo hawajaitumia. Badala ya kumfukuza Mutu ufukweni, wangemuuliza alichokiacha. Katika kazi zake nguva ana meno, ana fahari, anatisha; yule mnyama mpole mwenye kula majani ameachwa, na kiapo cha mvuvi kimeachwa. Je, nguva wake ni wa masimulizi ya pwani, au naye amechorwa huku jicho moja likimtazama binti-samaki wa Ulaya? Na kwa nini jina la maonyesho liwe la Kiswahili, lakini majina ya kazi zake nyingi yawe ya Kiingereza? Hayo ni maswali makali, na msanii mkubwa anastahili kuulizwa maswali makali. Sifa za katalogi ni aina nyingine ya kupuuzwa.

Pingamizi la pili hutoka kwa wachamungu: picha hizi ni za mashetani na za uchi, na msomaji mwenye heshima zake hazimfai. Ni kweli kwamba Mutu anakata kurasa kutoka majarida machafu. Lakini hakuyachapisha yeye. Amechukua kilichokuwa kikiuzwa na kufichwa chini ya magodoro, akakikata, akakirudisha hadharani kikiwa hakiwezi tena kumpendeza aliyekinunua. Kazi yake ya mwaka 2003, Yo Mama, ina mwanamke aliyemchoma nyoka kwa kisigino cha kiatu kirefu, na inamkumbuka Funmilayo Ransome-Kuti, mwanaharakati wa Nigeria. Anayekijua kitabu cha Mwanzo anajua kisigino kile kimetoka wapi. Wachamungu walipaswa kuwa wa kwanza kuisoma picha hiyo, kwa sababu wao ndio wenye ufunguo wake. Elimo Njau alipochora maisha ya Kristo kanisani Murang’a mwaka 1959, katika mandhari ya nchi ya Wakikuyu, aliwathibitishia waumini kwamba imani inaweza kutazamwa kwa macho ya nyumbani. Kugeuza uso ni kusahau somo hilo.

Pingamizi la tatu ndilo la watu wa fasihi wenyewe. Uhakiki wa Kiswahili, wanasema, kazi yake ni utenzi, shairi, riwaya na tamthilia. Picha ina wataalamu wake, tena picha hujisemea. Lakini picha haijisemei. Ingejisemea, majumba ya sanaa yasingelipa watu waandike ukuta mzima kando yake. Swali ni nani anaandika ukuta huo na kwa lugha gani. Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, mgogoro wa vina na mizani uliwashughulisha wataalamu kwa miongo kadhaa, na ulikuwa mgogoro wenye faida kwa sababu ulilazimisha kila upande kueleza shairi ni nini. Hakuna mgogoro wa namna hiyo uliozuka juu ya picha. Lugha iliyoweza kuhesabu mizani ya kila mshororo imekubali kuwa bubu mbele ya kipande cha karatasi kilichobandikwa.

Gharama ya ububu huo ilionekana Venice mwaka 2015. Mwaka huo Okwui Enwezor aliyasimamia maonyesho makuu ya Biennale, na Mutu alikuwamo na filamu yake The End of Carrying All. Katika filamu hiyo mwanamke anatembea nyikani na kikapu kichwani, na kila hatua mzigo unaongezeka, mpaka anabeba kama mji mzima, mpaka mzigo na mwanamke vinakuwa kitu kimoja na kuporomoka. Wakati huohuo, katika Biennale hiyohiyo, banda lililobeba jina la Kenya lilitangazwa likiwa limejaa majina ya wasanii wa China, kama ilivyokuwa mwaka 2013. Wasanii wa Kenya walipiga kelele, na serikali ikajitenga na banda hilo. Watu walilaumu rushwa na uzembe, na hawakukosea. Ila nchi isiyo na umma unaosoma na kubishana juu ya sanaa zake kwa lugha zake ni rahisi kukodishiwa jina lake. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kwa miaka mingi wasomi wa Kiswahili wameuona mzigo wa wachoraji na wachongaji kuwa ni usufi.

Mwaka 2019 Mutu aliweka sanamu nne za shaba kwenye uso wa Makumbusho ya Metropolitan, New York. Jengo hilo lina vidaka vilivyokusudiwa sanamu na vilivyokuwa vitupu tangu mwaka 1902. Neno kidaka halitumiki hapa kwa kujipamba. Nyumba za kale za Lamu na Pate zina zidaka ukutani, na mwenye nyumba aliweka humo alichotaka mgeni akione kwanza. Makumbusho yaliyoacha vidaka vyake vitupu kwa zaidi ya karne moja hatimaye yaliweka humo wanawake wanne wa Mutu. Msanii alikuwa ametazama nguzo za Kiyunani zenye umbo la mwanamke na vigoda vya Waluba wa Kongo, ambapo mwanamke aliyechongwa hubeba kiti cha mtawala. Wake wameketi, wamenyooka, na vichwani hawana kitu cha mtu. Baada ya mzigo wa Venice, hawa wametua. Kutua ni neno linalotumiwa kwa mzigo, kwa ndege na kwa msafiri aliyefika. Mhakiki wa Kiswahili angeweza kuanza na neno hilo moja na kufika mbali.

Hapa ndipo lawama inapowaangukia wasomi wa ughaibuni kuliko wa nyumbani. Kazi hizi zimeonyeshwa New York, London, San Francisco na Rome. Mwanafunzi wa Kiswahili aliyeko Morogoro au Eldoret hana nauli ya kwenda kuziona. Aliyeko Queens anahitaji tiketi ya treni. Kwa miaka mingi waandishi wa ughaibuni wameandika juu ya baridi, upweke, pasi za kusafiria na watoto wasiojua lugha, huku wakipita mbele ya vidaka vilivyojaa bila kuinua macho. Kisha wanalalamika kwamba watoto wao hawaoni fahari ya Kiswahili. Mtoto aliyesimama mbele ya Metropolitan akasoma kibao cha Kiingereza, asisikie kutoka kwa mzazi wake neno moja la Kiswahili juu ya wanawake wale, amejifunza kwamba Kiswahili ni lugha ya jikoni na ya simu za jumapili.

Mtihani mwingine umeshapangwa. Lubaina Himid, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1954, akapelekwa Uingereza akiwa mchanga, akashinda tuzo ya Turner mwaka 2017, ameteuliwa kuiwakilisha Uingereza Venice mwaka 2026. Himid ametumia kanga katika kazi zake. Yataandikwa mengi juu ya nguo za Kiafrika, rangi zake na urithi wake. Mswahili anajua kwamba kanga ina pindo, ina mji na ina jina, na kwamba jina la kanga hulengwa kwa mtu: jirani, mke mwenza, mume, wifi. Anajua kuuliza kanga ile inamsema nani. Asipouliza yeye, hakuna mwingine atakayeuliza. Mhariri yeyote wa jarida la Kiswahili anaweza kuanza mwezi huu: amtume mwandishi mmoja mbele ya kazi moja, amkataze maneno utambulisho, urithi na kiroho, na amtake aeleze kwanza alichokiona.